Ardhi ya Kemambo Inayumba

Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya boma letu Kemambo, nikapiga hatua tatu, nikakumbatia nguzo ya zizi. Nyumba ya mama ilikuwa inapanda taratibu upande wa kushoto. Ikafika juu, ikatulia kidogo, ikaanza kushuka. Ng'ombe nao walipanda na kushuka pamoja nayo, wanacheua, hawana habari.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Miezi minne hatujaonana. Nilitaka kumkimbilia, lakini nguzo ile sikuweza kuiachia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Boke, mbona umesimama hivyo?"

"Ardhi inayumba."

Alinisogelea. Nikadhani anakuja kunikumbatia, kumbe aliniletea pua mdomoni. Akanusa mara moja, akanusa mara ya pili, kisha akamgeukia kaka yangu Ryoba aliyekuwa anapokea begi langu.

"Biskuti," akasema, kama daktari anayesoma majibu ya vipimo. Ndipo akanikumbatia, na unga wake wote ukahamia kwenye blauzi yangu.

Pombe sijawahi kuionja. Mimi ni mpishi wa meli. Meli yetu haibebi mizigo wala abiria. Inabeba watafiti wanaopima bahari: maji yake, joto lake, na viumbe vya huko chini kabisa. Jumatano tulikuwa tumetia nanga Mombasa. Nikapanda basi mpaka Nairobi, nikaunganisha mpaka mpakani Sirari, halafu Tarime, halafu nyumbani. Gari likiwa linakwenda nilikuwa mzima. Likisimama tu, dunia inaanza. Kule mpakani, upande wa Kenya, afisa aliniambia niangalie kamera. "Madam, si usimame straight," akasema. Nikamjibu nimesimama wima. Akaniambia kamera yake haioni hivyo.

Rodel, mpishi mkuu wetu, Mfilipino aliyekula chumvi ya bahari miaka ishirini na sita, alikuwa amenionya. Mwili ukishazoea mawimbi, alisema, nchi kavu ndiyo itakayokutesa. Siku tatu, nne hivi. Hakuna dawa.

Tatizo ni kwamba mimi sikuwa na siku tatu. Ilikuwa Ijumaa mchana, na kesho yake saa nne wazee wa Thadeo, mchumba wangu, walikuwa wanatoka Natta kuja kubisha hodi kwetu kwa ajili ya posa.

Thadeo ni dereva wa watalii. Tulifahamiana kwenye kambi moja ya wageni huko Natta, ambako nilipika miaka sita. Alikuwa anakuja jikoni alfajiri kuchukua maboksi ya chakula cha wageni wake, na kila siku lazima boksi moja liwe limepungua andazi. Nilijua anayelila. Naye alijua kwamba najua, na hivyo ndivyo tulivyoanza.

Ni kambini hapo hapo nilipoipata bahari. Mgeni mmoja, mama mtafiti, alikuwa anawasimulia wenzake mezani jinsi wanavyokaa majini miezi mizima. Wote wakawa wanamuuliza habari za nyangumi. Mimi niliyekuwa naondoa sahani nikauliza, "Na huko nani anawapikia?" Akanitazama kama mtu aliyekumbuka kitu, akaniandikia anwani kwenye karatasi ya kufutia mikono. Ilinichukua miaka miwili. Nilikwenda Dar es Salaam kupata mafunzo ya usalama wa baharini. Nikazima moto wa kujifunzia, nikarukia bwawani nikiwa nimevaa jaketi la kuokolea, mimi binti wa Kemambo ambaye maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni Mto Mara. Nilipoibuka nilikuwa nacheka, na mwalimu alidhani nimepagawa.

Mchana huo nilikaa na mama jikoni. Nikiwa nimekaa sakafuni na mgongo ukutani, nilikuwa na nafuu. Tulichambua mboga huku nikimsimulia. Nilimwambia jiko la meli lina vyuma vya kuzuia sufuria zisikimbie. Sahani unaziweka juu ya kitambaa chenye unyevu ili zisiteleze, na kisu hukiachi mezani hata kwa kupepesa jicho. Sufuria hujazi kupita nusu. Unasimama umetanua miguu, umelegeza magoti, nyonga moja imeegemea meza, na hapo unakatakata vitunguu vya watu thelathini na wanane.

"Na hukuugua?" akauliza mama.

"Wiki ya kwanza nilitapika mpaka nikasahau jina langu. Rodel alifunga ndoo kwenye mguu wa meza akaniambia: tapika, nawa, endelea."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Nikamwambia habari za ugali. Siku moja nilipika wa mtama na muhogo, unga niliokwenda nao mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na hamu ya nyumbani. Mtafiti mmoja, jitu la ndevu nyekundu, akaja kunusa, akaomba tonge. Wiki iliyofuata wakaja tisa. Unga ulipoisha alikuja jikoni kunipa pole, kama mtu aliyekuja msibani.

Kisha nikatoa zawadi. Watafiti wana mtambo wa kuteka maji, wanauteremsha kwa waya mpaka kina cha kilomita nne. Siku ya kuuteremsha chini kabisa, kila mtu anaruhusiwa kuandika kwenye kikombe cheupe chepesi, vile vya kunywea kahawa na kutupa. Vinafungwa kwenye wavu, vinashuka na mtambo. Maji ya huko yana uzito wa kutisha. Kikombe kinakwenda kikiwa kikubwa, kinarudi hivi. Nikamwekea mama chake kwenye kiganja. Kilikuwa kinatosha kidole gumba, na jina lake, RHOBI, limesinyaa nacho, kila herufi mahali pake.

Mama alikivaa kidoleni. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Na wewe wangekuteremsha?"

"Ningerudi hivyo hivyo, mama. Ungenibeba mfukoni."

"Basi usikubali," akasema, na wala hakuwa anatania.

Asubuhi niliamka nikidhani nimepona. Kitanda kilikuwa kimetulia. Nikasimama, na sakafu ikaja kunipokea.

Saa nne na robo pikapu ya Thadeo iliingia uani. Alishuka yeye, akashuka shangazi yake Beatrice, mwanamke mnene mwenye macho ya kuona kila kitu, na akashuka baba yake mkubwa, mzee Simioni. Huyo ndiye aliyemlea Thadeo. Ni mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, na kwake pombe haikanyagi hata kwa jina, kwa sababu ndiyo iliyomwondoa mdogo wake, baba mzazi wa Thadeo. Thadeo alinieleza hayo mapema, na nilimheshimu mzee kwa hilo kabla sijamwona.

Salamu zilikwenda vizuri kwa sababu nilisalimia nimeshikilia mlango. Wageni wakakaa. Mama akanikonyeza: maji ya kunawa.

Nilichukua jagi na beseni. Nikapiga goti mbele ya mzee Simioni, nikasema karibu baba, nikainamisha jagi. Wakati huo huo chumba kizima kikalala upande wa kulia. Mikono ya mzee ilibaki mikavu. Maji yote yaliingia kwenye kiatu chake, cheusi, kilichong'arishwa kwa ajili yetu.

Nikanyanyuka kufuata kitambaa. Nilikusudia kupita mlangoni. Nilipita kando ya mlango, bega likagonga ukuta, kalenda ikaanguka.

 Shangazi Beatrice alimwinamia kaka yake akamnong'oneza kwa Kinata, lugha ya kwao. Mimi nakijua kidogo, lakini hata nisingekijua ningeelewa. Neno la ulevi lina sura moja kwa kila lugha.

Mzee Simioni alivua kiatu, akakimwaga maji, akakivaa tena taratibu. Akasimama.

"Mama Boke," akamwambia mama, "tulikuja kwa furaha. Lakini mimi nimemzika mdogo wangu kwa ajili ya chupa. Huyu kijana nilimchukua kwenye nyumba ya namna hiyo akiwa na miaka minne. Simrudishi."

"Baba, Boke hanywi," akasema Thadeo. 

"Nina macho."

Alikwisha kuvaa kofia yake. Mimi nilikuwa nimebandikana na ukuta kama mjusi, na kilichonishangaza ni kwamba sikuona aibu. Niliona kicheko kinapanda tumboni. Nilikibana. Kwa maana melini nimewahi kusimama kwenye jiko lililoinama mpaka maharage yanatoka kwenye sufuria yenyewe, na nikawalisha watu thelathini na wanane kwa wakati. Sasa ninaangushwa na sakafu ya saruji ya mama yangu, inayofagiwa kila asubuhi.

"Baba, naomba unisikilize," nikasema. "Sijanywa. Nimetoka melini Jumatano. Mwili wangu bado uko majini, haujaambiwa kwamba tumefika."

"Ardhi hii haijawahi kuyumba. Wewe ndiye unayeyumba."

"Ni kweli baba. Na ninayumba kwa sababu imetulia. Mlevi ukimpandisha nyuma ya gari linalorukaruka, anaanguka. Mimi nipandishe nyuma ya pikapu ya Thadeo, apite njia ya mtoni yenye mawe, na nitakupikia chai na chapati humo humo. Nikimwaga, ondokeni."

Ryoba alikohoa. Shangazi Beatrice alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayenifikiria.

"Huu ni mchezo," akasema mzee.

Mama yangu ni mtu wa maneno machache mbele ya wageni. Aliokota kalenda, akaitundika, akasema, "Mzee Simioni, umetoka Natta mpaka hapa. Kilomita mbili zaidi zitakuchosha?"

Basi tukapakia. Karai la chuma nikalijaza mchanga, jiko la mkaa nikalisimika katikati, nikalifunga kwa waya kwenye vyuma vya pikapu, pande nne, kama Rodel alivyonifundisha kufunga kila kitu chenye roho na kisicho na roho. Sufuria ya chai nusu. Kikaango. Madonge ya unga kwenye bakuli, bakuli kwenye kitambaa chenye unyevu. Mzee Simioni akapandishwa, akakalia gunia la mahindi lililokunjwa, akashika chuma kwa mikono miwili. Thadeo akawasha gari, na Ryoba akatangulia na pikipiki kufukuza mbuzi njiani.

Gari likaondoka. Lilipopiga shimo la kwanza, dunia ikatulia.

Sijui niseme vipi. Ni kama mtu amekuwa akikupigia kelele sikioni siku tatu, halafu amenyamaza. Magoti yalilegea yenyewe, nyonga ikatafuta ubavu wa gari ikaupata. Milima ikakaa mahali pake. Kila kitu kilikuwa kinatikisika isipokuwa mimi. Nikaanza kuimba, wimbo wa kanisani wa watoto, nikachukua donge, nikalisukuma chapati juu ya ubao kwa chupa ya soda.

Njia ya mtoni inapita kwenye mashamba ya mihogo, na majirani waliokuwa wanalima walisimama na majembe yao. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Boke, unauza?"

"Leo ni bure kwa mgeni mmoja," nikamjibu, nikageuza chapati.

Mzee Simioni alirushwa juu, akatua. Kofia ilimhama ikakaa upande wa sikio. Nikamimina chai nusu kikombe nikampa.

"Mbona nusu?"

"Melini hatujazi, baba."

"Jaza."

Nikajaza mpaka ukingoni, nikamkabidhi bila tone kudondoka. Mkononi mwangu chai ilikuwa imetulia kama maji ya kisimani. Mkononi mwake iliruka, na nusu yake ikaenda kwenye kile kiatu cha pili, kilichokuwa bado kikavu. Akakitazama. Akaitazama chai iliyobaki.

"Nusu inatosha," akasema.

Karibu na mto ng'ombe mmoja alivuka ghafla na Thadeo akapiga breki. Chapati ilikuwa hewani. Mzee alitoka kwenye gunia lake akaja mpaka miguuni kwangu. Nilipiga hatua moja nyuma, nikanyoosha kikaango, chapati ikalala ndani kwa upande wake mbichi, kama ilivyotakiwa. Kisha nikamshika mzee mkono wa koti nikamrudisha kwenye gunia.

"Pole, baba."

 Nilimpa chapati akaila, akitafuna polepole na kuruka kwa pamoja. Gari lilipogeuza kurudi aliuliza, akiwa ameangalia mbali, "Huko baharini mnasali?"

"Jumapili asubuhi, kwenye chumba cha kulia chakula. Tuko watano wa makanisa matano. Kila mtu anaimba wa kwake, kwa pamoja."

"Na ukiolewa, utarudi huko?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kiatu na kalenda vilikuwa vumbi tu. Nikaweka kikaango chini.

"Nitarudi, baba. Miezi minne kazini, miwili nyumbani. Sitakudanganya ili nipate ndoa. Thadeo naye msimu wa wageni hayupo nyumbani, analala porini. Tumezoea kungojana. Nilipokuwa kusini kabisa, ambako hakuna mtandao mpaka wa meli ukubali, alikuwa ananitumia sauti kwa simu kila siku, na mimi nazipata saba kwa pamoja. Ya Jumatatu anasema mvua imenyesha, ya Ijumaa anasema bado inanyesha. Nilizisikiliza nikimenya viazi."

Mzee alitafuna mpaka akamaliza.

"Chapati imeiva pande zote," akasema, akashika tena chuma kwa mikono miwili mpaka tukaingia uani.

Wote walikuwa wamesimama wanatungoja. Thadeo aliruka chini akaja kumpokea mzee. Mzee Simioni akateremsha mguu wa kwanza, akateremsha wa pili, akaachia gari, akaenda. Alikuwa anakwenda kwa mama kumwambia neno, lakini miguu ilimpeleka kwenye banda la kuku. Akasimama, akajipanga upya, akaja tena, na safari hii akaishia mikononi mwa Ryoba.

"Simioni," akasema shangazi Beatrice, "umekunywa nini huko?"

Mzee aliketi kwenye kigoda. Tulimwona ameinama, mabega yanatikisika, tukaogopa. Thadeo akachuchumaa kumwangalia usoni. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha sauti ikatoka, nene, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi, na ikatuambukiza wote mpaka mama akalazimika kushika ukuta. Thadeo aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake amemsikia akicheka mara mbili tu.

"Nataka na mimi," shangazi akasema, na alikwisha kupanda.

Chakula kilichelewa mpaka saa nane kwa sababu kila mtu alitaka zamu. Shangazi alikwenda mara mbili. Ya pili alisimama, kanga imefungwa kiunoni, ananiiga miguu. Ryoba alijaribu kusonga ugali humo akaungua kidole. Hata mama alipanda, Rhobi yule asiyepanda hata pikipiki, akashika chuma kwa mkono mmoja tu, na mkono mwingine akawapungia majirani waliokuwa wamepanga mstari kandokando ya mihogo. Mimi kila safari nilikuwa jikoni kwangu nyuma ya pikapu, nakaanga, natuliza dunia. Unga wa ngano ulipokwisha walitaka twende hivyo hivyo.

Tulipokaa mezani hatimaye, mzee Simioni aliomba dua. Alianza kama wazee wanavyoanza, akaombea mifugo, mvua, wafiwa na wagonjwa. Nikadhani amemaliza, nikafungua jicho moja. Akasema, "Na uwalinde wanaosafiri juu ya maji, na wanaowapikia." Mama akaitikia amina kabla hajamaliza.

Baada ya kula akamwambia mama kwamba watarudi kabla sijaondoka tena, na safari ijayo watakuja wengi, ili mambo yafanyike inavyopasa. Alisema hayo akiwa peku. Viatu vyote viwili vilikuwa vimeanikwa juu ya paa la banda la kuku.

Jioni ilipokaribia, Thadeo na mimi tulikuwa tunafungua waya za jiko kwenye pikapu. Mikono yake ilinuka mkaa na mafuta.

"Kwenye meli yenu hawahitaji dereva?" akauliza.

"Ina nahodha."

"Mwosha sufuria je?"

"Hicho cheo kina watu. Utaanzia kwenye kumenya viazi."

"Namenya vizuri," akasema, akichukua chapati ya mwisho kwenye bakuli, iliyokuwa ya Ryoba, na kuikunja mara nne mfukoni.

Mzee Simioni alikwisha kukaa mbele, amefunga mkanda. Tulimtafuta shangazi Beatrice kumfungulia mlango, hakuwepo. Kumbe yuko nyuma. Alikuwa amesimama kwenye bodi ya pikapu, miguu ameitanua, magoti ameyalegeza, chupa ya chai ya mama chini ya kwapa.

"Shangazi, njoo mbele," akamwita Thadeo. "Mugumu ni mbali, na Natta ni mbele zaidi."

"Endesha," akajibu. "Na hayo mashimo usiyakwepe."